Rudisheni maili 2.23: barua ya wazi kwa kamati yetu ya mbio za Februari

Kwa: Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na Wajumbe,
Kamati ya Mbio za Kumbukumbu,
Jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili,
Georgia, Marekani.

YAH: UMBALI, TAREHE NA HESHIMA YA MBIO ZA KUMKUMBUKA AHMAUD ARBERY

Waheshimiwa viongozi,

Shikamooni wakubwa zetu, na kwa tunaolingana umri, habari za kazi.

Tunaoandika ni sisi tunaopima njia, tunaosimama kwenye makutano na tunaobaki nyuma mpaka mtembeaji wa mwisho afike. Malalamiko haya si mageni kwenu. Yalisemwa kwenye kikao cha tathmini, yakarudiwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, yakaandikwa kwa barua, na kila mara jibu lilikuwa "tumelipokea". Sasa bango la mbio zijazo limetoka na makosa yale yale. Tumeona tuandike hadharani, ili na wanaolipa kiingilio wajue tunachobishania.

Tukumbushane kwanza. Jumapili ya Februari 23, 2020, saa saba mchana hivi, Ahmaud Arbery, kijana mweusi wa miaka 25, alikuwa akikimbia katika mtaa wa Satilla Shores, nje kidogo ya mji wa Brunswick, pwani ya Georgia. Wanaume watatu weupe walimfukuza kwa pikapu mbili kwa takriban dakika tano, wakamzibia njia, na mmoja wao akamuua kwa shotigani. Hakuwa na silaha. Zilipita siku 74 bila mtu kukamatwa. Video ilipovuja Mei 5, baba na mwana waliokuwa kwenye pikapu ya kwanza walikamatwa Mei 7, na wa pikapu ya pili, aliyeirekodi video yenyewe, Mei 21. Katikati hapo, Mei 8, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Angetimiza miaka 26. Korona ilikuwa imefuta mashindano yote, kwa hiyo watu wa miji mingi walitoka mmoja mmoja, kila mtu mtaani kwake, wakakimbia maili 2.23. Wamarekani huanza na mwezi wanapoandika tarehe: 2 ni Februari, 23 ni siku yenyewe. Mbio zetu zimetoka hapo.

Hoja zetu ni hizi.

1. Umbali

Maili 2.23 ni mita 3,589. Mwaka mmoja aliyechora bango alibadilisha "maili" kuwa "kilomita" na namba akaiacha ilivyo, watu wakakimbia mita 1,359 pungufu na kurudi nyumbani wakiamini wamemaliza. Mwaka uliofuata mkaruka hadi kilomita 5, mita 1,411 zaidi, kwa kuwa mfadhili alitaka mbio za kueleweka. Kilomita 5 zinakimbiwa kila Jumamosi katika kila bustani ya jimbo hili. Aliyejiandikisha kwetu alikuja kwa ajili ya 2.23, na mtoto akiuliza kwa nini tunaishia pale kwenye mti badala ya kufika kwenye geti, jibu lake linapaswa kuwa tarehe ile.

Upimaji nao umeachwa kwa dereva na dashibodi yake. Dashibodi nyingi za gari huonyesha maili kwa sehemu moja ya kumi tu: utasoma 2.2, kisha 2.3. Hiyo 0.03 inayopotea ni mita 48. Saa za mkononi zenye GPS hazisaidii sana, maana chini ya miti mikubwa na kwenye kona nyingi kila saa inaleta namba yake, na mkichukua wastani wa saa tano mnapata wastani wa makosa matano.

Njia inayoaminika ni ya baiskeli yenye kihesabio cha mizunguko ya gurudumu. Kwanza pimeni kwa tepu ya chuma mstari ulionyooka wa mita 300 au zaidi. Mpimaji aupite mara nne kabla ya kupima njia na mara nne baada ya kupima, kwa sababu upepo wa tairi hubadilika na joto, na gurudumu la asubuhi si sawa na la mchana. Kwenye njia yenyewe apite pale mkimbiaji mjanja atakapopita, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara, akikata kona kwa mstari mfupi kabisa unaoruhusiwa. Mwisho ongezeni mita moja kwa kila mita 1,000 ili njia isije ikawa fupi: kwetu ni mita tatu na nusu hivi. Kazi yote ni ya asubuhi moja kwa watu wawili, mmoja akiendesha na mwingine akimlinda dhidi ya magari. Wekeni msumari na chokaa kwenye mwanzo, kwenye mgeuko na kwenye mwisho, mpige picha kila alama pamoja na kitu kisichohama, kama nguzo ya taa au mfuniko wa chemba. Mwaka jana alama ya mgeuko ilikuwa koni peke yake. Mtu aliisogeza ili apaki gari.

2. Tarehe na saa

Mbio mmezihamishia Jumamosi ya kwanza ya Aprili, mkitaja baridi. Umbali ukiwa 2.23 na siku ikawa Aprili, mnalazimika kuueleza umbali kwa kipaza sauti, na hiyo peke yake ilitosha kuwaonya. Baridi ni ya alfajiri. Saa saba mchana, saa aliyouawa Ahmaud, Februari ya Georgia mara nyingi ni hewa nzuri ya kukimbilia. Februari 23 ikiangukia siku ya kazi, anzeni saa kumi na moja jioni. Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, na anayetembea taratibu na mtoto kwenye kigari humaliza ndani ya dakika 75. Saa kumi na mbili na robo koni zinakusanywa, bado kuna mwanga.

3. Bastola na pikapu

Hapa tunawaomba msome polepole.

Mbio za mtu aliyeuawa kwa bunduki zimekuwa zikianzishwa kwa mlio wa bastola. Ni bastola ya michezo, haina risasi, hilo tunalijua. Lakini kwenye mstari wa mbele wanasimama watoto, na nyuma yao wamo wazazi waliokimbia Kivu na Burundi kwa sababu ya mlio wa namna hiyo. Mlio ulipotoka, mama mmoja alimvuta mwanawe akalala naye chini, huku kipaza sauti kikishangilia mwendo mzuri wa kuanza. Leteni kengele ya mkono. Au msimamizi ashushe bendera na kusema "twendeni". Mbio zisizopangiwa zawadi ya muda hazihitaji zaidi ya hapo.

Tena, gari la kufunga msafara. Miaka miwili mfululizo limekuwa pikapu, taa za hatari zikiwaka, likitambaa mita tatu nyuma ya mtu wa mwisho. Simameni pembeni ya barabara muitazame picha hiyo: mtu mweusi anakimbia amechoka, nyuma yake pikapu inamfuata, dereva akimtazama mgongo. Tumekuwa tukilijenga upya tukio lile lile na kuliita huduma. Mtu wa mwisho mara nyingi ni mzee au mama mwenye uzito, na tumewaona wakigeuza shingo kila hatua kumi. Wawili waliingia kwenye bustani ya kanisa na hawakurudi njiani.

Badala yake, wa kufunga msafara wawe baiskeli moja na watembeaji wawili, nyuma ya mtu wa mwisho kwa hatua kama 20, wakiongea ili asikie kwamba ni wenzake. Baiskeli ibebe bendeji, blanketi la foili, maji na simu iliyojaa chaji. Mashine ya kushtua moyo ikae kwenye mgeuko. Gari la dharura, kama lazima liwepo, lipaki kwenye mstari wa mwisho injini ikiwa imezimwa, na lisiwe pikapu. Wasimamizi wa makutano 11 wasiondoke mpaka waione baiskeli hiyo ikipita kwa macho yao. Kosa linalojirudia kila mwaka ni hili: wenye kasi wakishapita, msimamizi hudhani kazi imekwisha, anabeba koni zake, na watembeaji 40 wanakutana na magari.

4. Video

Kabla ya mbio kamati imekuwa ikirusha kwenye skrini kubwa kipande cha video ya mauaji, "ili watu wasisahau". Video ile ilifanya kazi yake Mei 2020, wakati sheria ilikuwa imelala. Sasa kesi zimekwisha kusikilizwa na watu wamehukumiwa. Kuirusha mbele ya watoto wa miaka saba, kati ya tangazo la mfadhili na muziki wa kupasha misuli, kunageuza dakika za mwisho za mtoto wa mtu kuwa kionjo cha programu. Wekeni picha zake akiwa hai, kwa ruhusa ya familia. Alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani pale Brunswick High School. Aliyeshika kipaza sauti awaambie watu hilo.

5. Karatasi ya maelezo

Karatasi iliyogawiwa ilisema aliuawa na polisi. Si kweli. Chanzo cha mkanganyiko huenda ni kwamba Gregory McMichael, yule baba, aliwahi kuwa polisi na baadaye mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashitaka wa eneo hilo, lakini siku ile wote watatu walikuwa raia wa kawaida. Andikeni hivi: Travis McMichael, Gregory McMichael na William Bryan walitiwa hatiani kwa mauaji Novemba 24, 2021. Januari 7, 2022 wote walifungwa maisha, baba na mwana bila nafasi ya kuachiwa mapema kwa parole. Februari 22, 2022 jopo la mahakama ya shirikisho liliwatia hatiani kwa uhalifu wa chuki, kwamba walimfukuza kwa sababu ya rangi yake. Ongezeni na mabadiliko mawili ya sheria, maana ndiyo wazazi wetu huulizia: Juni 26, 2020 Georgia ilipata sheria ya uhalifu wa chuki, na Mei 10, 2021 sheria ya mwaka 1863 iliyomruhusu raia kumkamata raia mwenzake, ambayo watetezi wa wauaji waliitegemea, ilifutwa.

Na jina. Mtangazaji amekuwa akisoma herufi kwa herufi, "A-hma-u-di". Hutamkwa karibu na "Amod". Afanye mazoezi nyumbani.

6. Mgeni rasmi, fedha na ruhusa

Itifaki ina mahali pake. Hotuba ya mgeni rasmi ya dakika 40, baada ya watu kupasha misuli, inawarudisha kwenye baridi. Anayeanza mbio misuli ikiwa imepoa ndiye anayevutika paja kwenye mita 200 za kwanza, na huduma ya kwanza inayo orodha yao. Hotuba iwe baada ya mbio, dakika tano. Kabla ya kuanza pawe na ukimya wa dakika 2 na sekunde 23, spika zikiwa zimezimwa kwenye swichi. Mkizipunguza tu sauti zitabaki zinavuma.

Kiingilio cha dola 40 kwa kila mtu kinaifungia nje familia ya watu sita. Gharama kubwa zilizokipandisha ni medali, lango la kupulizwa hewa na vipima muda vya kwenye viatu. Vyote vitatu havihitajiki hapa. Hata kituo cha maji katikati ya njia ya mita 3,589 mwezi Februari hakihitajiki: watu 300 wakinywa vikombe viwili vya mililita 200 mwishoni ni lita 120, basi. Kinachohitaji fedha kweli ni kibali cha barabara, bima na huduma ya kwanza.

Fulana zenye uso wake zimeuzwa bila sisi kuonyeshwa popote ruhusa ya familia. Mama yake, Wanda Cooper-Jones, ameanzisha taasisi yenye jina la mwanawe. Kuandika barua ya kuomba ruhusa, na kueleza kila dola inakwenda wapi, ni jambo la jioni moja.

Tunajua mtakayojibu, maana tumeyasikia.

Mtasema bima inadai gari nyuma ya msafara. Tuliuomba mkataba tukausoma: unadai mtu wa kufunga msafara na njia ya kuita msaada. Neno pikapu halimo.

Mtasema jumuiya haifanyi siasa. Baraza la Wawakilishi la Georgia lilipitisha azimio mwaka 2022 kuifanya Februari 23 kuwa siku ya Ahmaud Arbery. Kama wabunge wa vyama vyote viwili waliweza, jumuiya ya Waswahili haitachafuka.

Mtasema, na hili lina uzito, kwa nini yeye, wakati tuna wetu. Patrick Lyoya, mzaliwa wa Kongo, aliuawa kwa risasi na askari polisi Grand Rapids, Michigan, Aprili 4, 2022, na wazazi wengi hapa walilia kama wamefiwa nyumbani. Ushauri wetu ni kwamba majina yasirundikwe kwenye fulana moja. Wakongo wakitaka mbio za Lyoya, wazifanye siku yake, kwa umbali watakaouchagua wenyewe na kwa idhini ya wazazi wake, na sisi tutaipima njia bure. Jina moja kwa siku moja hupata muda wa kutajwa vizuri.

Mtasema njia ya mitaani ni hatari, bora tuzunguke bustani iliyofungwa. Hapo hata sisi tumegawanyika. Wapo kati yetu wanaoona kwamba mtu aliuawa akikimbia mtaani, kwa hiyo tukimbie mtaani, mchana, wenyeji wakituona. Wapo wanaowafikiria wenzetu wenye hofu ya makaratasi ya ukaazi, ambao gari la polisi kwenye kila kona linawafukuza kabla mbio hazijaanza. Mkichagua mitaa, pelekeni tangazo mlango kwa mlango siku 14 kabla na tena siku mbili kabla, likiwa na ramani, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Mtaa usiojua kinachokuja ukiona watu weusi 200 wanakimbia, kuna atakayepiga 911 kuita polisi. Mkichagua bustani, hatutapinga, ili mradi umbali uwe ule.

Kwa heshima zote, tunaomba haya:

Umbali urudi maili 2.23 na upimwe kwa baiskeli kabla ya Januari kwisha. Mbio zifanyike Februari 23 yenyewe. Bastola na pikapu viondoke kabisa, kuanzia mwaka huu. Video isirushwe. Karatasi isahihishwe na isomwe na watu wawili nje ya kamati kabla ya kuchapwa. Kiingilio kisizidi dola 10, watoto bure, na hesabu zibandikwe ukutani ndani ya siku 30. Mauzo ya fulana yasimame hadi ruhusa ya familia ipatikane kwa maandishi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21. Mkikubali, tupo: baiskeli ipo, tepu ya chuma ipo, na watu wa makutano yote 11 wapo.

Msipokubali, Februari 23 saa saba mchana tutakuwa kwenye kiwanja cha riadha cha shule, bila kiingilio. Uwanja wa mita 400, njia ya ndani, ni mizunguko tisa; aanzaye mita 11 mbele ya mstari na kumalizia kwenye mstari anapata mita 3,589 kamili. Wanaotembea watumie njia ya nane, ambayo mzunguko wake ni mita 453 hivi: mizunguko minane, inayozidi mita 3,589 kwa mita 35 hivi. Kila mtu aje na maji yake. Kengele tutaleta sisi.

Wenu katika kazi,

Wapimaji wa njia, wasimamizi wa makutano na watoa huduma ya kwanza wa mbio za Februari.